Pesa za Soweto: siku askofu mkuu alipomrudishia rais milioni zake

Kila mara maaskofu wakitoa tamko kuhusu serikali lazima atokee mtu aseme viongozi wa dini wakae na Biblia zao, siasa wawaachie wenyewe. Na ukichunguza vizuri, mara nyingi anayesema hivyo ni mwanasiasa, na anayasema akiwa ndani ya kanisa, Jumapili asubuhi, ameshika maiki ya mhubiri, kapewa dakika tano kachukua arobaini. Kwa hiyo mimi hilo swali la "muumini aingie kwenye siasa ama asiingie" huwa linanichosha kidogo, manake linaulizwa kana kwamba kuna siku moja Kenya hii dini na siasa zilikaa vyumba tofauti. Hazijawahi. Afadhali tuchukue kisa kimoja tukifungue mpaka ndani tuone nani alikuwa anamvuta nani.

Kisa chenyewe ni cha Novemba 2024. Alhamisi tarehe 14 maaskofu Wakatoliki wa Kenya, mwenyekiti wao akiwa Askofu Mkuu Maurice Muhatia Makumba wa Kisumu, walisoma tamko ambalo halikuwa la kubembeleza. Walisema uongo umekuwa ndo utamaduni wa serikali, ahadi zinatolewa na hazitimizwi, ushuru umemlemea mwananchi, vijana wanatekwa na wengine wanapatikana wameuawa, afu kuna watu bungeni wanataka kuongeza muhula wa uongozi wakati hata huu uliopo watu wanauhesabu siku. Wakaingia kwenye afya, hapo ndo walipouma zaidi, kwamba ule mpango mpya wa bima ya afya ya umma, SHA, ulioanza Oktoba mosi umeletwa mbio mbio na bima ya zamani, NHIF, imekufa ikiwa na madeni makubwa kwa hospitali za misheni.

Serikali haikufurahi. Wakubwa wakajibu kwamba maaskofu wametumia habari zisizo sahihi, rais mwenyewe akataka viongozi wa dini wawe waangalifu na ukweli wa wanachosema. Mpaka hapo ni kawaida, tumeshazoea.

Jumapili tarehe 17, siku tatu tu baada ya tamko, Rais William Ruto akaenda misa kanisa Katoliki la Soweto, kule Kayole. Kama hujui Kayole, ni Eastlands, watu wengi, nyumba za ghorofa zimebanana, kanisa linajaa Jumapili mpaka watu wanasimama nje, na pesa za ujenzi hukusanywa mia mia. Rais akatoa laki sita kwa kwaya na kikundi cha watoto cha PMC, akatoa milioni mbili za kujenga nyumba ya mapadri, akaahidi milioni tatu nyingine na basi la parokia. Gavana Johnson Sakaja naye akaongeza laki mbili kwa kwaya na hao watoto. Makofi, vigelegele, picha, kila mtu nyumbani.

Jumatatu barua ikatoka ofisi ya Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi. Hizo laki sita zimekataliwa. Hizo milioni mbili zimekataliwa. Laki mbili za gavana zimekataliwa. Zote zirudishwe kwa waliozitoa. Milioni tatu za ahadi zisiletwe, na basi lisiletwe pia. Ukijumlisha zilizotolewa na zilizoahidiwa unapata milioni 5.8, achana na basi. Sababu alizoandika ni kwamba kanisa halitaki hafla zake, harambee zake na mikutano yake vitumiwe kama jukwaa la mtu kujitangaza kisiasa, kwamba lazima libaki huru, na kwamba michango ya namna hiyo inaenda kinyume na maelekezo ya kanisa lenyewe na pia na Mswada wa Michango ya Umma wa 2024 unaotaka harambee iwe na kibali.

Hapo kwenye mswada nataka tusimame kidogo kwa sababu watu wengi walipita mbio. Mswada sio sheria. Askofu mkuu alikuwa anamnukulia rais kitu ambacho bado hakijapita bungeni, na kuna wanasheria walicheka kidogo. Lakini huo mswada ulitoka wapi? Msukumo wake ulitoka kwa Ruto mwenyewe. Tarehe 5 Julai 2024, wiki mbili hazijaisha tangu vijana waandamanaji waingie bunge, rais alisimama akatangaza hatua za kubana matumizi na moja yake ilikuwa kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma hawatashiriki tena kwenye harambee, na mwanasheria mkuu aandae sheria. Mwenyewe. Kwa mdomo wake. Miezi minne baadaye yuko Kayole anahesabu laki sita. Kwa hiyo barua ya Anyolo ukiisoma polepole haikuwa hoja ya kisheria hata kidogo, ilikuwa ni mtu anakukumbusha kwa adabu maneno uliyoyasema mwenyewe, na hiyo inauma kuliko sheria.

Sasa tujiulize kwa nini rais aliyekataza harambee aende kutoa harambee siku tatu baada ya kukosolewa na kanisa lile lile. Wapo waliosema ni bahati tu, ratiba ya rais hupangwa mapema, anaenda kanisa tofauti kila Jumapili. Inawezekana. Hata Jumamosi yake tu, tarehe 16, alikuwa Embu kwenye kuwekwa wakfu kwa Askofu Peter Kimani Ndung'u, na Rigathi Gachagua aliyekuwa ametimuliwa unaibu rais mwezi mmoja nyuma naye alikuwepo hapo hapo, yaani hiyo wikendi Wakatoliki walikuwa ndo uwanja wa siasa ya nchi nzima watake wasitake. Lakini mimi nadhani hata kama hakukuwa na hila yoyote, matokeo ni yale yale. Paroko amepokea milioni mbili Jumapili, Jumapili ijayo atasomaje tamko la maaskofu madhabahuni? Atalisoma, lakini atalisoma haraka. Na mtu akikukosoa Alhamisi ukamjengea nyumba Jumapili, huna haja ya kumjibu tena.

Hapo ndo nilipo mimi. Muumini kushiriki siasa sio tatizo na kiongozi wa dini kusema sio tatizo, tatizo ni daftari la mapato. Kanisa au msikiti wowote unaweza kuongea kwa kiasi kile tu anachoruhusu aliyelipia mabati yake.

Na tukirudi nyuma historia yetu inasema hivyo hivyo. Miaka ya 80 na mwanzo wa 90, KANU ikiwa chama pekee, bunge limenyamaza, magazeti yanaogopa, waliobaki na sauti ni watu wa madhabahu. Baraza la makanisa NCCK lilipinga kura ya mlolongo tangu 1986, ile ya kujipanga nyuma ya mgombea mchana kweupe, na gazeti lao Beyond lilipoandika wizi wa kura za 1988 likapigwa marufuku na mhariri wake akafungwa. Askofu Henry Okullu wa Maseno South alisema, Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA akahubiri siku ya mwaka mpya 1990 kwamba hata Kenya chama kimoja kitaanguka kama kilivyoanguka Ulaya Mashariki, na akaja kupigwa vibaya miaka ya baadaye, na polisi ndani ya All Saints Cathedral kwenyewe Julai 1997 na tena nje ya bunge 1999. Askofu Alexander Muge wa Eldoret yeye waziri wa kazi wakati huo Peter Okondo alimwambia hadharani asikanyage Busia, akikanyaga huenda asitoke hai. Muge akaenda. Akahubiri, watu wakamshangilia, na akirudi nyumbani tarehe 14 Agosti 1990 gari lake likagongana na lori la maziwa pale Kipkaren akafa. Rasmi ni ajali, na dereva wa lori alifungwa, na mpaka leo kuna Wakenya huwaambii kitu kuhusu hiyo ajali. Okondo alijiuzulu.

Hawa watu hawakuwa na chama. Hawakugombea. Walikuwa na nini? Hawakuwa na deni kwa Ikulu, au angalau deni lao halikuwa kubwa kiasi cha kuwafunga mdomo.

Na Waislamu pia wasisahauliwe hapa kwa sababu tukiongea dini na siasa Kenya tunaongea kama nchi yote ni Jumapili tu. Pwani 1992 vyama vingi vilipofunguliwa kikaja chama cha Kiislamu cha IPK, Sheikh Khalid Balala akawa anajaza watu Mombasa, serikali ikakataa kukisajili kwa hoja kwamba ni chama cha dini, na leo hiyo hoja imo mpaka kwenye katiba, kifungu cha 91 kinasema chama kisijengwe kwa msingi wa dini. Lakini vijana wa IPK walichokuwa wanadai mitaani kilikuwa ardhi, vitambulisho, ajira bandarini. Ukiondoa jina la Kiislamu kwenye madai yao unabaki na madai ya kawaida kabisa ya raia. Afu 1999 na 2000 hawa hawa, Waislamu kupitia baraza lao SUPKEM, Wahindu, Wakatoliki na makanisa ya NCCK wakakaa pamoja Ufungamano House wakaanzisha mchakato wao wa katiba wakati serikali ya Moi inazunguka zunguka, mpaka 2001 ikabidi tume yao iunganishwe na ile ya serikali iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai. Kwa maoni yangu hiyo ndo kazi nzuri zaidi ya kisiasa waumini wa nchi hii wamewahi kuifanya, na hakuna aliyehitaji kuwa mbunge ili aifanye.

Halafu ikaja 2002, KANU ikaondoka, na hapa ndo mambo yakaharibika kimya kimya. Waliokuwa wakosoaji wakawa marafiki wa serikali mpya. Rais mpya, Kibaki, alikuwa mtu wao. Katibu mkuu wa NCCK Mchungaji Mutava Musyimi, mtu aliyekuwa sauti kubwa ya mageuzi, 2007 akagombea ubunge wa Gachoka kwa tiketi ya PNU akashinda, Askofu Margaret Wanjiru akashinda Starehe na ODM, mhubiri Pius Muiru akagombea urais kabisa. Sina ugomvi na mchungaji kugombea, ni raia kama mimi, isipokuwa huwezi kuwa refa na mshambuliaji mechi moja. Uchaguzi wa 2007 ulipolipuka, makanisa yalikuwa yamegawanyika kikabila kama nchi yenyewe, wachungaji wa huku wanaombea mgombea wa huku, wa kule wanatabiri ushindi wa wa kule. Januari mosi 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likachomwa na watu waliokimbilia humo ndani wakiwemo, wanawake na watoto. Mwaka huo huo NCCK ikaomba radhi hadharani kwamba ilikuwa imeegemea upande. Nawaheshimu kwa hilo, ila lilikuja watu zaidi ya elfu moja wakiwa wamekufa.

2010 ndo urafiki wa leo ulipozaliwa na watu hawaukumbuki. Kwenye kura ya maoni ya katiba mpya makanisa mengi yalisimama upande wa Hapana, kwa sababu ya mahakama za kadhi na kipengele cha utoaji mimba, na mwanasiasa mkubwa aliyeongoza kambi hiyo ya Hapana alikuwa William Ruto. Tarehe 4 Agosti wakashindwa, Ndiyo ikapata kama asilimia 67, lakini ile safari ya pamoja haikusahaulika. Viongozi wa makanisa waligundua hawana tena kura mfukoni kama walivyodhani, na Ruto aligundua mahali ambapo mtu wa kawaida anakaa masaa matatu kila wiki akisikiliza. Kufikia 2022 ukienda mikutano yake huwezi kutofautisha kampeni na krusedi, wachungaji mbele, maombi, machozi, nyimbo. Alishinda kwa asilimia 50.49. Sasa ukiwa kiongozi wa dini uliyemwombea hadharani kwamba ni chaguo la Mungu, akipandisha ushuru wa mafuta mwaka mmoja baadaye unasema nini? Unasema tumwombee kiongozi wetu. Na ndo walichosema wengi, miaka miwili mizima.

Kwa haki niseme kulikuwa na walioona mapema. Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwanamke wa dayosisi kwenye kanisa la Anglikana, ACK, Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa maiki, waliokuja wamejipanga wakakaa kitini kama waumini wengine, na Wakatoliki nao wakafuata na msimamo kama huo. Kwa hiyo yale "maelekezo ya kanisa" Anyolo aliyoyataja 2024 hayakuwa mapya. Yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatekeleza siku pesa ikiwa mezani tayari, manake kukataa pesa ambayo haijaja ni rahisi sana.

Na mimi siamini Anyolo aliamka tu Jumatatu hiyo akapata ujasiri. Ujasiri huo ulitoka Juni. Vijana walipoanza kuandamana kupinga Mswada wa Fedha 2024, tarehe 25 wakaingia bunge, watu wakapigwa risasi, tume ya haki za binadamu KNCHR ikahesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai, walipogeuka kutafuta nani mwingine aliwaacha walitazama madhabahuni. Kukawa na kampeni ya kuvamia makanisa yanayopokea wanasiasa. Hawa vijana sio makafiri, wengi wao ni watoto wa kwaya, wametoka PMC hiyo hiyo iliyopewa laki sita, walienda maandamano na rozari shingoni na wengine wakaimba nyimbo za kanisa mbele ya polisi. Walichosema ni rahisi: hamkutusemea kwa sababu mmelipwa. Ni shutuma nzito na haikuwa kweli kwa kila mtu, lakini hakuna askofu aliyeisikia akalala vizuri. Kwa hiyo ukiniuliza muumini gani aliyeshiriki siasa kwenye kisa hiki, sio Anyolo peke yake, ni kijana asiye na cheo chochote kanisani aliyemfanya Anyolo aone aibu ya kunyamaza.

Turudi Kayole tuongelee upande wa pili kwa sababu upande wa pili una hoja, sio ujinga. Kuna waumini walisema waziwazi wao wangetaka hizo pesa zibaki. Nyumba ya mapadri haijajengwa. Basi lingebeba wagonjwa, lingepeleka watoto kuhiji, lingekodishwa lilete mapato. Na rais naye ni muumini, kwani mtu akiwa rais sadaka yake inakuwa haramu? Hii hoja ya mwisho ndo inayorudiwa sana, na jibu lake kila mtoto wa katekisimu analijua, sadaka ina kikapu. Weka kwenye bahasha, tumbukiza, rudi kaa. Mathayo sura ya sita inasema mkono wa kushoto usijue wa kuume unachofanya, ya Kayole mpaka mkono wa kushoto wa mtu wa Lodwar uliona kwenye runinga saa moja jioni. Kikipita kikapu padri hajui nani katoa na hana wa kumlipa fadhila. Ikitangazwa kwa maiki padri anajua, kwaya inajua, na mwenye pesa anajua kwamba wanajua.

Kuna pia hesabu ambayo hata askofu hakuiandika. Mshahara wa rais uko wazi, ni kama milioni 1.44 kwa mwezi kabla ya makato. Milioni 2.6 zilizotoka Jumapili moja ni karibu mshahara wa miezi miwili. Najua ana biashara zake, kuku, mashamba, hoteli, sikatai. Lakini hiyo ni Jumapili moja kati ya 52, na karibu kila Jumapili kuna mahali. Kanisa lina haki ya kuuliza pesa inatoka wapi kama lilivyo na haki ya kumuuliza mtu anayetaka kufunga ndoa kama ameshaoa tayari.

Ninachomlaumu Anyolo ni kingine. Barua ilirudisha pesa, haikusema nyumba itajengwaje. Maamuzi yalifanywa mjini, bili ikabaki Kayole. Jimbo kuu la Nairobi lina shule, lina viwanja, lina parokia za Karen na Lavington ambazo Jumapili moja zinakusanya pesa ambayo Soweto haiioni kwa miezi. Kama kanisa linataka maskini wake wasinunuliwe, basi wale matajiri wake wachangie hao maskini, la sivyo unamwambia mtu mwenye njaa asile kwa jirani afu wewe mwenyewe humpikii. Mchango maalumu wa jimbo zima Jumapili iliyofuata, hata wa milioni tatu tu, ungekuwa na nguvu kuliko barua kumi.

Jambo lingine wakosoaji walilosema ni kwamba maaskofu hawapiganii mwananchi, wanapigania madeni yao ya NHIF. Kwamba wangelipwa wangenyamaza. Kuna chembe ya ukweli, siwezi kukataa, hospitali zao zinadai na wanataka kulipwa. Lakini hebu fikiria hospitali ya misheni isipolipwa nani anaumia. Dawa zinaisha, wauguzi hawapati mshahara, na huko Turkana, Kitui, Marsabit mahali pengine hiyo ndo hospitali pekee ya maana ndani ya kilomita nyingi. Kanisa lina maslahi kwenye siasa ya afya kwa sababu lina vitanda. Anayetibu, anayefundisha, anayezika waliouawa, huwezi kumwambia bajeti haimhusu. Tofauti ni kwamba deni la NHIF ni haki yake kwa mkataba na linaweza kudaiwa hadharani kwa karatasi, zile milioni mbili za Kayole zilikuwa fadhila.

Watu wanachanganya pia nani anakatazwa nini. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 285, inamkataza padri kushika cheo cha umma chenye mamlaka ya serikali, na ya 287 inamkataza kuwa mstari wa mbele kwenye vyama. Ni padri huyo. Mlei hakatazwi, anahimizwa kabisa. Mwalimu wa Katekisimu anayetaka udiwani agombee, mama wa jumuiya ndogo ndogo anayejua bei ya unga kuliko waziri agombee. Na askofu hakatazwi kusema kwamba kuteka watu ni dhambi. Anachokatazwa ni kutuambia tumchague nani. Sasa kwetu imekuwa kinyumenyume, mlei anaambiwa siasa ni mchezo mchafu, akae mbali asichafuke, na mchungaji wa makanisa haya mengine ndo anayepanda jukwaani kuinua mkono wa mgombea.

Ukiangalia jirani Tanzania kamba inayotumika ni nyingine. Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki wa huko, TEC, walitoa tamko kupinga mkataba wa bandari na DP World, likasomwa makanisani. Mwaka 2025, Aprili 30, katibu mkuu wao Padri Charles Kitima akashambuliwa na kujeruhiwa kichwani Kurasini, na mwezi Juni kanisa la Askofu Josephat Gwajima likafutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji, na Gwajima huyo alikuwa mbunge wa CCM wa Kawe, yaani hata kadi ya chama haikumwokoa. Kwao kamba ni usajili, kwetu ni bahasha. Ingawa na sisi tukae macho, baada ya msiba wa Shakahola, mahali miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, rais aliunda jopo la kupitia sheria za taasisi za dini na mwenyekiti wake alikuwa Mutava Musyimi yule yule. Shakahola ilihitaji jibu, hakuna ubishi. Ila mtu akishapewa kitabu cha usajili huwa hakitumii kwa Mackenzie, yule mhubiri wa Shakahola, peke yake.

Je, barua ya Anyolo ilibadilisha tabia? Kwa Wakatoliki, naona ilishika kiasi. Kwa nchi, hapana. Machi 2, 2025 rais alikuwa Jesus Winner Ministry pale Roysambu akatoa milioni 20 na kuahidi kusaidia kutafuta milioni 100 nyingine za kanisa jipya. Milioni ishirini ni zaidi ya mshahara wake wa mwaka mzima. Wiki moja baadaye vijana wakajaribu kulivamia hilo kanisa, polisi wakajaa barabara, gesi ya machozi Jumapili. Na yeye hakurudi nyuma, akaenda Eldoret akatoa tena. Kwa hiyo pesa iliyokataliwa Kayole haikurudi hazina kulipa hospitali, ilitafuta mlango mwingine, na Nairobi hii milango ya makanisa haiishi.

Ndo maana mimi katazo pekee siliamini. Likikazwa Jumapili, Jumatano atakuja "rafiki wa kanisa" na hundi yenye jina la kampuni usiyoijua. 2027 inakuja na harambee zimeshaanza kunukia, viti vya mbele vinapanguswa. Kama uko kwenye kamati ya fedha ya parokia yako, au ya msikiti wako, anza na kitu kidogo ambacho hakihitaji barua ya askofu: kila anayetoa zaidi ya laki moja jina lake, kiasi na kazi ya pesa hiyo viandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo pale nje, pembeni ya orodha ya wanaotarajia kufunga ndoa, na mwenye pingamizi aruhusiwe kuleta pingamizi lake. Wale wa mabasi watapungua wenyewe.